Spectralis yenye rangi mbili au OCTA isiyo na sindano? Mapitio ya vifaa vya kupiga picha mishipa ya konea kabla ya kupandikiza

Jibu kwanza, sababu zifuate. Hospitali inayobadilisha konea (kioo angavu cha mbele ya jicho) zenye makovu na mishipa ya damu kwa kupandikiza nyingine, na yenye fedha ya kifaa kimoja tu cha picha, inunue Spectralis ya kampuni ya Heidelberg, kamera ya leza inayopiga picha ya rangi iliyodungwa kwenye damu, yenye leza ya fluoresini na ya ICG (indosianini ya kijani), kabla ya kufikiria OCTA ya aina yoyote, yaani skani ya mwanga inayochora mishipa kwa mwendo wa damu bila rangi. OCTA ni ya haraka, haina sindano, na wagonjwa wanaipenda. Tatizo lake ni kwamba inanyamaza kwenye maswali yale yale ambayo daktari wa upasuaji anataka yajibiwe. Na kabla ya zote mbili kuna slitilampu, ile hadubini ya mwale mwembamba iliyoko katika kliniki ya macho, ambayo kwa kazi hii wengi hawaitumii hata nusu.

Mishipa yenyewe

Konea yenye afya haina hata mshipa mmoja wa damu. Ndiyo maana ni angavu, na ndiyo sababu mojawapo konea ya mtu mwingine huweza kuishi ndani ya jicho bila kinga ya mwili kuishambulia. Mishipa ikiingia kutoka limbasi, yaani ule ukingo ambapo konea inakutana na weupe wa jicho, kinga inapata barabara ya kwenda na kurudi. Utafiti wa Marekani unaojulikana kwa kifupi CCTS, uliochapishwa mwaka 1992, uliwahesabu kuwa wa hatari kubwa wagonjwa wenye mishipa ndani ya stroma, yaani tabaka nene la katikati la konea, katika robo mbili au zaidi za konea, au waliowahi kukataa konea iliyopandikizwa. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti kadhaa uliotoka mwaka 2010 uliona kwamba konea yenye mishipa inakataliwa takriban mara mbili zaidi, na hatari inapanda kadiri robo zilizovamiwa zinavyoongezeka.

Lakini kuhesabu robo ni kipimo cha jumla mno. Robo moja inaweza kuwa na vimishipa kumi vilivyoishia nusu milimita ndani ya limbasi; nyingine ina mshipa mmoja mnene uliozama katikati ya stroma hadi mbele ya mboni. Kwenye faili zote mbili zinaandikwa “robo 1”. Daktari wa upasuaji anataka zaidi ya hapo: mshipa upi unaolisha na upi unaorudisha damu, umekaa kina gani, unavuja au umeshakomaa, na unavuka duara la trefini (kisu cha duara cha kukatia konea) atakayotumia, ambalo kwa kawaida ni la kipenyo cha milimita 7.5 hadi 8.25. Vifaa tunavyopitia hapa tunavipima kwa maswali hayo manne.

Slitilampu: ya bei nafuu, ya kulazimishwa kufanya kazi

Weka filta ya kijani, ile inayoondoa wekundu. Damu inageuka nyeusi na kovu linabaki kijivu, na mishipa ambayo kwa mwanga mweupe ilikuwa imepotea ndani ya uwekundu wa jicho inajitokeza. Kuza mara 10 kwa picha ya jumla, mara 16 kwa kila robo. Picha tano zinatosha: moja ya katikati na nne za robo, mgonjwa akiangalia upande wa pili wa robo inayopigwa. Kisha mwale mwembamba upite juu ya kila mshipa mnene, uandike kina chake kwa theluthi: ya juu, ya kati, ya chini.

Robo ya juu ndiyo inayosahaulika, na kwetu Afrika Mashariki ndiyo isiyopaswa kusahaulika. Trakoma huleta mishipa yake kutoka juu, chini ya kope, mahali ambapo mgonjwa akitazama mbele tu hupaoni kabisa. Mgonjwa atazame chini, kope la juu liinuliwe kwa kulibana kwenye ukingo wa mfupa. Ukilibana juu ya jicho lenyewe, mishipa ya juujuu inafungwa na mgandamizo na unapiga picha ya konea “safi” ambayo si safi.

Kosa jingine: tone la fenilefrini la kupanua mboni kabla ya picha. Dawa hiyo inabana mishipa, na mishipa ya konjaktiva (utando unaofunika weupe wa jicho) na limbasi inapauka. Picha zipigwe kwanza, mboni ipanuliwe baadaye. Hili linahusu vifaa vyote vitatu.

Slitilampu inashindwa pale kovu linapokuwa zito na jeupe. Mshipa ulio nyuma ya kovu hauonekani, na mshipa mwembamba wenye damu kidogo hauonekani hata kama kovu ni jepesi. Pia haina saa ndani yake: inakuonyesha mshipa upo, haikuonyeshi damu inakoingilia.

Spectralis na rangi mbili

Mashine hii ilitengenezwa kwa ajili ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na kwenye konea inatumika kwa kuazimwa. Timu ya Liverpool, Uingereza, ndiyo iliyochangia sana kuleta anjiografia (upigaji picha wa mishipa ya damu) ya konea katika matumizi ya kawaida, kwa kutumia fluoresini na ICG pamoja, na walichoonyesha ni kwamba rangi hizi mbili hazifanyi kazi moja.

Fluoresini ni molekuli ndogo, daltoni 376, na sehemu yake haishikamani na protini za damu. Inatoka nje ya mshipa mchanga ambao ukuta wake haujafunga vizuri. Inaamshwa na leza ya buluu ya karibu nanomita 488, na mwanga huo hupotea haraka ndani ya kovu. ICG ina daltoni 775 na karibu asilimia 98 yake hushikamana na protini, kwa hiyo hukaa ndani ya mshipa muda mrefu zaidi. Inaamshwa na leza ya karibu nanomita 790, iliyo nje ya rangi ambazo jicho la binadamu linaziona, na mwanga huo hupenya kovu kwa kina ambacho buluu haifiki. Kwa ufupi, ICG inachora ramani ya mishipa na fluoresini inaonyesha ipi inavuja. Ukinunua mashine yenye leza ya fluoresini pekee ili kupunguza bei, umenunua nusu ya jibu, tena ile nusu isiyoona nyuma ya kovu.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Mgonjwa afike bila kuwekewa tone la fluoresini siku hiyo. Hapa ndipo kliniki nyingi huharibu kipimo kabla hakijaanza: presha ya jicho inapimwa asubuhi kwa tone la rangi, konea iliyochubuka inainyonya, na saa mbili baadaye picha nzima inang’aa kama ukungu. Presha ipimwe baada ya kipimo, au kwa kifaa kisichohitaji rangi.

Kanula iwekwe kwenye mshipa wa mkono na ijaribiwe kwa salini kwanza. Fluoresini ni alikali, pH yake ni kati ya 8 na 9.8, ikimwagika nje ya mshipa inauma vibaya na inaweza kuua ngozi. Kichupa cha ICG cha mg 25 kiyeyushwe kwa ml 5 za maji safi ya sindano na kitumike ndani ya saa 6. Usiyeyushe kwa salini, kwa sababu chumvi huifanya itengane na maji. Fluoresini ni mg 500 kwa mtu mzima, yaani ml 5 za asilimia 10 au ml 2.5 za asilimia 20. Tunapendelea ICG itangulie, kwa sababu sekunde zile za kwanza ndizo zenye ramani, na fluoresini ifuate kwa ajili ya uvujaji.

Fokasi izungushwe kuelekea upande wa pluzi (+), mbali kabisa na inapokaa kwa retina, na kamera irudishwe nyuma hadi mishipa ya limbasi iwe kali. Konea imepinda na mashine hii inaona kwa ukali tabaka jembamba tu, kwa hiyo huwezi kuwa na konea nzima kali kwa wakati mmoja. Chagua mapema robo mbaya kuliko zote na uikazie, maana rangi inaingia kwa mara ya kwanza mara moja tu. Robo nyingine utazipiga baadaye; zitakuonyesha mishipa, ila hazitakuonyesha tena mpangilio wa kujaa kwake.

Rekodi video, siyo picha moja moja. Video ianze muuguzi anapoanza kusukuma bomba la sindano na iendelee bila kukatwa kwa dakika ya kwanza. Mishipa ya limbasi huanza kuwaka ndani ya sekunde 10 hadi 30 hivi, na tofauti kati ya mshipa unaolisha na unaorudisha damu inaweza kuwa sekunde chache tu. Baadaye rudisha video fremu kwa fremu: mstari unaowaka kwanza kutoka limbasi kuelekea ndani ndio mfereji mkuu, mengine ni matawi ya shamba. Mara nyingi kichaka cha vimishipa kilichotapakaa robo nzima kinalishwa na mshipa mmoja au miwili, na slitilampu isingekuambia hivyo. Baada ya dakika ya kwanza, picha za kila nusu dakika hadi dakika ya 3, kisha nyingine dakika ya 5 kwa fluoresini. Ukichelewa sana, rangi iliyovuja imeshafunika kila kitu.

Sasa lawama. Kipimo cha milimita kinachotokea kwenye skrini ni cha retina, na kwenye konea ni uongo. Usipime eneo wala kipenyo cha mshipa kwa kutumia rula ya programu bila kuisahihisha. Pima upana wa konea wa mgonjwa kwa kalipa, kutoka limbasi hadi limbasi, kisha tumia upana huo kama rula yako ndani ya picha. Mfumo wa kufuatilia jicho nao unatafuta mishipa ya retina na kwenye konea hauaminiki, kwa hiyo mgonjwa asiyetulia anaharibu wastani wa picha. Tumia fremu moja moja zilizo kali.

Rangi nazo zina masharti. Fluoresini huleta kichefuchefu kwa baadhi ya watu ndani ya dakika ya kwanza, ngozi inakuwa ya njano kwa saa kadhaa na mkojo hadi siku moja na nusu. Mgonjwa aambiwe kabla, la sivyo atarudi usiku akidhani ini limeharibika. Anayesafishwa damu kwa sababu ya figo hupunguziwa dozi. ICG ina iodini ndani yake na huondolewa na ini, kwa hiyo mzio wa iodini na ugonjwa mkali wa ini ni sababu za kuiacha. Mzio mkali ni nadra kwa rangi zote mbili, lakini nadra haimaanishi adrenalini ikae kwenye kabati lililofungwa. Iwe juu ya meza, 1:1000, ml 0.5 tayari kwa msuli wa paja, na awepo mtu anayejua kuichoma. Kliniki isiyoweza kuhakikisha hilo isianze anjiografia ya rangi.

OCTA: tulivu, safi, na yenye mapengo

OCTA haitumii rangi. Inapiga mstari uleule wa konea mara mbili au zaidi kwa haraka, kisha inatafuta kilichobadilika. Kwa kuwa tishu imetulia na chembe nyekundu zinapita, kilichobadilika ndicho mshipa. Marcus Ang na wenzake wa Singapore walichapisha mwaka 2015 jinsi ya kutumia mfumo wa AngioVue, ulio ndani ya mashine ya Avanti ya Optovue, kwa sehemu ya mbele ya jicho, na njia yao ndiyo iliyoigwa na wengi. Unafunga lenzi ya ziada ya konea mbele ya mashine, unachagua skani ya retina, unazima ufuatiliaji wa jicho na urekebishaji wa kujiendesha, kisha unasogeza mashine kwa mkono hadi konea iwe katikati ya dirisha.

Avanti inapiga mistari 70,000 kwa sekunde kwa mwanga wa nanomita 840. Skani moja ina pointi 304 kwa 304 na inachukua kama sekunde 3, mara mbili: moja ya mlalo, moja ya wima, ili programu irekebishe mtikisiko. Kwa mtoto, kwa mjamzito, kwa mwenye mzio, hakuna mjadala: hii ndiyo njia. Unaweza kuirudia kila wiki bila kumchoma mtu. Na ina faida moja ambayo rangi haikupi kirahisi: ukikata picha ya pembeni unaona kina cha mshipa ndani ya stroma moja kwa moja, badala ya kukikadiria kwa theluthi.

Sasa mapengo. La kwanza ni kasi. Kati ya mstari na marudio yake hupita kama milisekunde 5. Damu inayotembea polepole mno ndani ya muda huo inahesabiwa kuwa tishu tulivu na inafutwa. Vimishipa vyembamba vya konea ndivyo vyenye damu ya polepole. Kwa hiyo sehemu nyeusi kwenye OCTA haina maana ya “hakuna mshipa”. Ina maana ya “hakuna mwendo uliozidi kizingiti”. Atakayeandika ripoti ya “robo ya chini haina mishipa” kwa OCTA peke yake anamwandalia daktari wa upasuaji damu asiyoitarajia kwenye trefini.

La pili ni uvujaji. OCTA haiuonyeshi kabisa, kwa sababu hakuna kitu cha kuvuja. Mshipa mchanga na mshipa wa miaka kumi vinafanana.

La tatu ni mwelekeo wa damu. OCTA inaona mwendo, haioni unakoelekea, hivyo swali la mshipa unaolisha linabaki la kukisia kwa unene na umbo.

Halafu kuna usumbufu wa kila siku. Programu inajaribu kuchora tabaka za retina juu ya konea na kukata mahali pasipo. Mistari ya tabaka irekebishwe kwa mkono katika kila skani, jambo ambalo muuzaji hataji. Vivuli vya mishipa ya juu vinajirudia chini kama mishipa mingine, na mtu mpya anaweza kuandika “mishipa ya kina” ambayo ni kivuli cha konjaktiva. Machozi yanayokauka huacha mistari. Mgonjwa apepese macho mara mbili kabla ya kila skani, na asiwekewe jeli. Mashine isilenge katikati ya konea bali uso wa robo inayopigwa, la sivyo pembeni pote pana giza. Vipimo vya milimita, kama kwa Spectralis, si vya kweli ukishafunga lenzi ya ziada.

Mashine zenye mwanga mrefu zaidi, kama Plex Elite ya Zeiss yenye nanomita 1060, zinapenya kovu vizuri kuliko Avanti, na kama OCTA ndiyo imeshaamuliwa, tungeelekea huko. Ila mapengo ya uvujaji na mwelekeo hayazibwi na urefu wa wimbi.

Picha inabadilisha nini

Haya yote yana maana kama kuna tiba inayongoja jibu. Mshipa unaovuja fluoresini mapema ni mchanga, na ndio unaosikia bevasizumabu, dawa inayozuia ukuaji wa mishipa: mg 2.5 ndani ya ml 0.1, chini ya konjaktiva, jirani na mshipa. Mshipa mnene unaoonekana wazi kwa ICG na hauvuji umeshajengewa ukuta wake. Dawa hiyo itaugusa kidogo sana. Huo unafungwa kwa dayathemi (uchomaji kwa joto la umeme) ya sindano nyembamba: sindano ya uzi wa nailoni 10-0 inaingizwa kando ya limbasi ndani ya mshipa unaolisha au sambamba nao, chuma cha dayathemi kinaigusa kwa nguvu ya chini kabisa inayotosha, na kazi inaishia mshipa unapopauka. Ukifunga unaorudisha damu na kuacha unaolisha, umefunga mlango wa kutokea tu. Kichaka kinavimba na kinaweza kuvuja damu ndani ya konea. Hapo ndipo ramani ya ICG inapolipa gharama yake.

Kipimo kisifanywe jicho likiwa na uvimbe mkali. Kila mshipa utavuja, na utatibu uvimbe kana kwamba ni mishipa. Tulizeni jicho kwanza, pigeni picha, tibuni, kisha rudieni baada ya wiki chache kabla ya kupanga tarehe ya upasuaji. Katika kurudia ndipo OCTA inapofaa zaidi, ikilinganishwa na OCTA ya kwanza ya mgonjwa huyohuyo, robo ileile, ukubwa uleule wa skani. Mshipa uliofungwa vizuri unatoweka kwenye skani, na kama umefunguka tena unarudi. Kwa hiyo mpangilio bora kwa hospitali yenye vyote ni rangi mara moja mwanzoni, OCTA katika ufuatiliaji.

Ripoti iwe na duara la trefini lililochorwa juu ya picha ya ICG, idadi ya mishipa inayolivuka, na mahali pa kila mshipa unaolisha kama kwenye uso wa saa: “saa 4, kina cha kati, unavuja”. Hiyo inasomeka chumba cha upasuaji kuliko kurasa tatu za maelezo. Jambo moja halitaonekana kwa kifaa chochote kati ya hivi katika kazi ya kawaida, nalo ni mishipa ya limfu, inayoota pamoja na ya damu na kuchangia kukataliwa. Picha nzuri isimfanye mtu apunguze matone ya steroidi.

Kabla ya kusaini

Muuzaji akija kuonyesha mashine, ataleta kijana mwenye macho mazuri na kupiga retina inayovutia. Msimkubalie. Mleteni mgonjwa mwenye kovu jeupe na mishipa robo ya juu, na fundi wenu akae kwenye mashine, siyo wa kampuni. Kwa Spectralis, ulizeni kama leza ya ICG imo ndani ya bei iliyoandikwa au ni nyongeza, na kama kurekodi video kumefunguliwa kwenye programu. Kwa OCTA, ulizeni lenzi ya konea inauzwa kando au imo, na dai la “inapiga sehemu ya mbele” linahusu anjiografia au ni picha ya kawaida ya OCT tu, isiyoonyesha mwendo wa damu. Hivyo ni vitu viwili. Optovue sasa iko chini ya Visionix, kwa hiyo kwa Avanti iliyotumika pateni kwa maandishi nani atatoa vipuri na huduma nchini kwenu, na kwa muda gani. Na ICG ihesabiwe kwenye bajeti kwa idadi ya wagonjwa wa mwaka mzima, tarehe za kuisha zikipangwa kufuatana na ratiba ya upasuaji: kichupa kimoja kinafunguliwa kwa siku moja, na kilichobaki baada ya saa 6 kinamwagwa.